Rafu Niliyoiandika Takatifu

Vijana wa parokia, mmeniomba niwaandikie kurasa chache za jarida lenu kuhusu maana ya utakatifu. Mlitumana wawili mpaka kwangu Kimumu, mkanywa chai, mkaniambia padre ameshalieleza neno hilo kwa upande wa vitabu na sasa mnamtafuta mtu wa kulieleza kwa upande wa maisha. Nikauliza kwa nini mimi. Yule msichana anayesoma kule Kesses akajibu kwa adabu kwamba nimekaa karibu na vitu vitakatifu miaka mingi. Hilo ni kweli. Nilivikaribia sana. Nilivifua, nikavianika, nikavipiga pasi, na siku nyingine nikavisugua kwa mswaki wa meno.

Nilikuwa dobi. Duka letu lilikuwa kwenye barabara ya kutoka West Indies kuingia mjini, na mwenyewe alikuwa Mzee Adan, Msomali aliyekuja Eldoret na malori, akachoka na malori, akanunua mashine mbili za kufulia kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Tulikuwa watatu. Mzee Adan alipokea nguo na kugawa namba, mimi nilifua, na Mama Njeri alipiga pasi. Mama Njeri alikuwa ametangulia pale kabla yangu, na kwa muda mrefu alinichukulia kama mtu aliyeletwa kwa bahati mbaya. Mimi natoka upande wa ziwa. Nilipofika nilidhani kufua ni sabuni na nguvu za mikono, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba nguvu za mikono ndizo zinazoua kola.

Rafu yenyewe ilizaliwa na kosa langu. Parokia ilituletea mavazi ya padre wiki ileile hoteli moja ya mjini ilipoleta aproni zake. Nikafua vizuri, nikafunga vizuri, nikapeleka vibaya. Jumapili padre akatafuta stola yake nyekundu bila kuiona, na Jumatatu Mama Sabina, aliyekuwa akitunza vitu vya altare, aliingia katika ile hoteli kunywa chai akakuta mhudumu amejifunga stola kiunoni, anapeleka sahani za ugali na matumbo. Mhudumu hakuwa na kosa. Aliona kitambaa kirefu chenye msalaba akadhani hoteli imeanza kuwa na heshima.

Mzee Adan aliniita mbele. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniambia nitenge rafu ya juu kabisa iwe ya nguo za kanisa peke yake, halafu niandike pale neno ambalo Wakristo wenyewe wanalitumia. Nikachukua kipande cha boksi na kalamu nene, nikaandika TAKATIFU. Kwa kutaka kumfurahisha nikamuuliza kama kanzu zake za Ijumaa nazo nizipandishe huko. Akacheka mpaka akashika meza.

"Sisi kitabu chetu tunaita kitukufu," akasema. "Na nguo, ni twahara ama si twahara, basi. Hiyo neno yako ni kubwa sana kwa shati."

Kwa hiyo kanzu za Mzee Adan na za wafanyabiashara wenzake zilikaa rafu ya kawaida, lakini zilikuwa na sheria zake. Zisilowekwe pamoja na nguo za mtu mwenye mbwa. Zisuuzwe kwa maji yanayotiririka, si kwa maji yaliyotulia kwenye karai. Nilikuwa naona ni usumbufu, mpaka nilipogundua kwamba zilikuwa zinadumu kuliko nguo zote dukani, kwa sababu hazikubakiwa na sabuni hata kidogo. Msuuze nguo zenu vizuri, vijana. Mengi mnayoyaita madoa ni sabuni iliyokatazwa kutoka.

Kipande cha boksi kilipokaa ukutani, watu wakakisoma. Mama wa bibi harusi mmoja alikataa kuondoka mpaka gauni la binti yake lipandishwe. Mheshimiwa mmoja alituma dereva aulize kama suti inaweza kulala hapo wiki ya kampeni. Na kulikuwa na nabii, wa kanisa la hema, mwenye suti nyeupe nne na pete tatu, aliyesisitiza kwamba mavazi yake yakae juu na ya padre. Suti zile zilikuja na mafuta ya nyama choma kwenye mikono kila Jumatatu, na mafuta ya mbuzi kwenye kitambaa cheupe si mchezo. Unayanyunyizia unga wa muhogo yanywe kwanza, unapangusa, ndipo unaingiza maji ya moto. Mama Njeri aliniambia huyo nimweke karibu na mlango, ili ikitokea moto awe wa kwanza kuokolewa.

Mama Sabina ndiye aliyenifundisha kwamba neno nililoandika lilikuwa na kazi ndani yake. Siku moja alileta vile vitambaa vidogo vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, akanikuta namwaga maji ya kwanza kwenye mtaro. Alikuwa mama mfupi, mjane, mwenye goti bovu. Alinipokonya karai, akaenda nyuma ya duka akimwaga kilichobaki polepole juu ya udongo, halafu akarudi akanieleza: maji ya kwanza ya vitambaa vile yameguswa na kilichokuwa ndani ya kalisi, kwa hiyo yanaenda ardhini, kamwe hayaendi mtaroni. Maji ya pili nimwage ninapotaka. Nilimuuliza Mungu anaona tofauti gani kati ya udongo na mtaro, kwani mtaro nao unaishia kwenye udongo. Akasema Mungu haoni tofauti yoyote, ila mimi ninatakiwa kuiona.

Tangu siku hiyo nilimwaga maji ya kwanza nyuma ya duka, penye tuta la sukuma wiki. Sukuma zile zilinawiri mpaka majirani wakauliza mbolea. Mama Njeri, ambaye alikuwa wa kanisa jingine, alikataa kuzila mwezi mzima, akisema haelewi anakula mboga au anashiriki meza ya watu. Halafu bei ya sukuma ikapanda akaelewa.

Sasa niwape machache ya kazi kabla sijafika ninapoogopa kufika. Damu ni maji baridi, siku zote baridi. Ukitia ya moto umeipika ndani ya uzi na haitoki tena. Nta ya mshumaa iache iwe ngumu, ikwangue, halafu weka karatasi ya kaki juu na chini na upitishe pasi ya joto kidogo, karatasi itainywa. Divai, chumvi mara moja. Lakini moshi ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu moshi haukai mahali pamoja, unakaa katika nguo nzima. Pua ya dobi inajifunza kuutambua. Ubani una utamu wake. Moshi wa jikoni la kuni unakaa kwenye mikono na kifua. Moshi wa mabua ya mahindi ni mwepesi, jua la siku moja linautoa. Moshi wa nyumba inayoungua, yenye godoro na nailoni na rangi ya ukutani, sikuwa nimewahi kuunusa mpaka Januari ile.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni. Matokeo ya kura yalitangazwa na mji ukafungwa na vizuizi. Mzee Adan alikuwa amesafiri kwao kaskazini na hakuweza kurudi, kwa hiyo funguo zilibaki na mimi. Mimi nilipita vizuizini. Walikuwa wanauliza kitambulisho, wanasoma jina la mwisho, wananiambia pita, mzee. Jina hilo nilipewa na babu yangu na sikufanya lolote kulistahili, lakini wiki zile lilikuwa na thamani kuliko ubatizo. Mama Njeri naye alikuwa na jina alilopewa na bibi yake, na la kabila lake ndilo walilokuwa wanalitafuta. Vijana waliosimama barabarani walisema wanaondoa madoadoa. Mimi niliyekula kwa kutoa madoa maisha yangu yote nilisikia neno hilo likisemwa juu ya mwanamke aliyenifundisha kazi, na nikaendelea kutembea, kwa sababu walikuwa na mapanga.

Nilimkuta katika uwanja wa kanisa, pamoja na mamia ya watu waliokimbilia pale. Alikuwa ameketi kwenye nyasi na binti yake Njeri, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa, na wote wawili hawakuwa na kitu zaidi ya magauni waliyovaa. Mnajua baridi yetu. Nyumba yao ilikuwa imechomwa asubuhi ya siku iliyotangulia. Baba Njeri alitoka salama, halafu akarudi ndani kuchukua makaratasi ya shamba, na paa likaanguka. Mama Njeri alinieleza hayo kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza joto la pasi. Hakuniomba chochote. Nililia, yeye hakulia, na nikaona aibu kwamba ni mimi niliyebembelezwa.

Nikarudi dukani. Rafu zilikuwa zimejaa, maana nguo za Krismasi hazikuwa zimechukuliwa. Nilitazama masweta, makoti, mablanketi ya watu, kila moja na kikaratasi chake cha namba, na nyuma ya kila namba niliona mtu anayekuja kunidai huku akinipandishia sauti. Niliwaogopa. Halafu nikatazama juu. Kanzu nzito za kwaya, thelathini na kitu. Majoho. Vitambaa vikubwa vya altare vya pamba safi. Mwenye hivi, nikajiambia, hana kikaratasi. Mkisikia watu wakinisifu kwa moyo wa siku ile, jueni ulikuwa woga wa wateja tu. Nilibeba mavazi ya Mungu kwa sababu Mungu ndiye mteja pekee ambaye sikuamini angekuja kugonga mlango.

Nilienda safari mbili na mkokoteni. Wazee wasiojua kuimba walivaa kijani cha kwaya. Na kesho yake mchana, katika chumba cha darasa la katekisimu, Njeri alijifungua msichana, na mtoto akafungwa kwenye kitambaa cha altare kuu, kile chenye ngano na zabibu zilizofumwa ukingoni. Mama Sabina ndiye aliyemkata kitovu.

Baada ya wiki kadhaa mji ulitulia kiasi cha watu kukumbuka nguo zao. Tukafungua duka, mimi na Mzee Adan, bila mtu wa pasi. Na hapo ndipo nguo zikaanza kuja na moshi ule. Waliozileta walikuwa na maelezo kabla hujauliza. Hatukuuliza. Siku moja mwenyekiti wa kamati ya parokia aliingia mwenyewe, mzee tuliyemheshimu, na jaketi ya kahawia yenye kola ya manyoya. Alisema ni ya kijana wake, alikuwa anasaidia majirani kuzima moto.

Nimewaambia kuhusu pua. Mtu anayezima moto analowa maji na anachafuka matope. Jaketi ile haikuwa na tone la tope. Mkono wa kulia ulikuwa umelowa petroli ikakauka, kuanzia kwenye kiganja mpaka kiwiko, na juu ya petroli ulikuwepo ule moshi wa godoro. Nilijua nilichokuwa nimeshika kama ninavyojua jina langu. Nikaianika siku mbili juani, nikaipitisha kwenye dawa ya mashine mara mbili, nikaichana kola kwa brashi, nikaitundika kwenye hanga na kuifunika plastiki. Mwenyekiti alipoichukua aliinusa, akaniambia nimeifanya mpya. Nikafurahi kusifiwa. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Mwezi uliofuata kamati ikaniita. Walitaka mavazi yao. Kanzu za kwaya zilikuwa zimerudi, mbili tatu zikiwa zimekatwa kuwa nepi, na hilo walilimeza. Kilichokosekana ni kitambaa cha altare kuu. Nikaagizwa nikilete, kamati iamue kama bado ni kitakatifu. Waliandika hivyo kwenye barua, kwa mhuri.

Mama Njeri alikuwa amehamishiwa kambi ya mahema nje ya mji. Alikuwa amekifua kwa maji baridi, amekipiga pasi sijui kwa pasi ya nani, na amekikunja mikunjo tuliyokuwa tunakunja dukani, mitatu kwa urefu na minne kwa upana. Sikuona doa. Mimi mwenyewe nisingekisafisha vile. Tulikaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, mtoto akiwa mapajani mwake, akaniuliza habari za Mzee Adan na za mashine. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Baba Akinyi, wewe unajua nguo za huu mji wote. Ule kijana alimwaga petroli kwa mlango yetu, sura sikuona, alikuwa amejifunga kitambaa. Lakini alikuwa na jaketi ya kahawia, iko na kola ya..."

"Sijaiona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanipa kitambaa.

Kamati ilikaa Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Mwenyekiti alisema kitambaa kimenajisika na sheria ya kitu kitakatifu kilichoharibika ni kuchomwa moto. Alilitumia neno hilo, kuchomwa, bila kupepesa macho. Wengine walishauri kibarikiwe upya. Mmoja alipendekeza kipelekwe kwa kigango cha mbali ambako hawatajua. Walizungumza juu ya kitambaa kile kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kuzungumza juu ya watu wa kwenye mahema. Mama Sabina alisubiri mpaka wachoke, akainuka na goti lake.

"Nataka kuelewa," akasema. "Kilichochafua hiki kitambaa ni damu ya mtoto ama ni kabila ya mama yake? Maana damu ya mtoto mimi nilimwaga maji yake ya kwanza hapo nje, mchangani."

Nami nikapata nguvu, nikasimama. Nilihutubu, vijana. Niliwaambia mtoto aliyezaliwa katika hori alifungwa kwa kilichokuwepo. Niliwaambia hakuna doa pale na kwamba mimi ndiye fundi wa madoa. Walinipigia makofi, kitambaa kikarudi altareni, na mpaka leo kuna wazee wanaowaambia kwamba Mzee dobi alitetea utakatifu mbele ya kamati. Ndiyo maana mlitumwa kwangu. Wasichowaambia, kwa kuwa hawajui, ni kwamba nilihutubu nikiwa nimemkabili mwenyekiti, hatua tatu kutoka kwake, na juu ya jaketi sikusema neno. Kutetea kitambaa kulikuwa rahisi. Hakingenipeleka kortini.

Miaka imekwenda. Mzee Adan alifariki, wanawe wakageuza duka kuwa la simu. Mwenyekiti naye alizikwa kwa heshima, na Mama Sabina kwa watu wachache. Kijana mwenye jaketi ni mtu mzima sasa, mnamjua na anawasalimia kwa majina. Sitamtaja hapa. Inawezekana jaketi aliiazima, inawezekana alimwazima mtu. Hilo si langu kuamua, na kwa sababu nilijifanya ni langu, hakuna mwingine aliyewahi kupewa nafasi ya kuuliza.

Mlipoondoka siku ile nilikaa na kalamu yenu siku tatu. Kila nilipoandika neno hilo la kwenye boksi, nililikata. Siku ya nne nikampigia simu Mama Njeri. Anaishi upande wa Nakuru, macho yamepungua nguvu, mjukuu wake yule wa kwenye kitambaa anamaliza sekondari. Nikamweleza yote, kuanzia petroli ya kwenye mkono wa kulia mpaka plastiki niliyoifunika. Nilieleza kwa haraka ili nisipate nafasi ya kuacha.

"Nilijua hiyo siku," akasema. "Ulisema hujaiona na mimi sijamaliza kuuliza."

Nikamuuliza kwa nini hakunishika hapohapo. Akasema alikuwa na mjukuu mchanga, hema linalovuja na rafiki mmoja tu aliyebaki Eldoret, na hakuwa tayari kumpoteza huyo pia. Halafu akaniuliza kama ninaweza kusema maneno yaleyale mbele ya mtu anayeandika. Nikasema ninaweza.

Anafika Jumatatu. Tutaenda kituo cha polisi pamoja kuandikisha maelezo, na safari hii nitaacha swali limalizike.